Ndama Aliyelala Zizi la Jirani

Karatu,
9 Februari 1982

Mdogo wangu Lengai,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kusema nimekusahau. Sisi huku wazima. Mama, Yeyo wetu, yuko Soitsambu na mbuzi wake, na kila anayepita huko anaulizwa kama ni kweli Dar es Salaam watu wanaishi bila maziwa. Sukari hatujaiona tangu Krismasi. Omary mwenye duka anasema ikija atanikumbuka, lakini Omary anamwambia hivyo kila mwanamke wa Karatu.

Sasa keti. Mdogo wetu Nanyokie amejifungua mtoto wa kiume tarehe kumi na saba Januari, hapa hapa zahanati, na nimempokea kwa mikono yangu. Ni mzuri, ana nywele nyingi kama za baba yake Koinet. Ila mdomo wa juu umepasuka, vidole ni vifupi kuliko inavyopaswa, na mwili wake ni laini, ukimwinua anamwagika mikononi. Kunyonya hawezi. Tunamkamulia maziwa ya mama yake na kumnywesha kwa kijiko, na kijiko anakipenda, usiniulize anavyokipenda.

Daktari mgeni aliyepita wiki iliyopita alimtazama muda mrefu. Akasema huenda ni jambo la kromosomu, na kwamba siku hizi huko Dar kuna maabara inayoweza kuzisoma. Nikamwambia mdogo wangu yuko maabara. Akaniuliza ipi. Lengai, miaka mitatu unaniandikia kuwa "unapima pima". Unapima nini?

Huko kwa kina Koinet, Kakesio, wameshapata jibu lao bila maabara: wanasema Nanyokie alikula kitu alichokatazwa alipokuwa mjamzito. Mama mkwe ndiye anayesema zaidi. Nanyokie yuko hapa kwangu kidogo, anapumzika.

Dada yako,
Naisenya

*

Dar es Salaam,
1 Machi 1982

Dada Naisenya,

Shikamoo. Mimi mzima, nimenenepa kwa wali, na maziwa yapo ila yanafanana na maji yaliyoota ndoto ya ng'ombe. Mwambie hivyo Yeyo, acheke.

Hongera kwa Nanyokie. Nimekuwa mjomba. Nimewatangazia watu wote hapa, hata mlinzi.

Umeuliza ninapima nini: ni hicho hicho alichokisema daktari wako. Tuko watatu tu, mimi, mwenzangu mmoja, na mkubwa wetu Daktari Eunike, aliyerudi kutoka masomoni na ufundi huu. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna vijiti arobaini na sita, nusu umepewa na baba, nusu na mama. Damu tunailaza siku tatu kwenye joto kama la kwapa, tunaidondosha kwenye kioo, tunaitia rangi ile ile mnayopimia malaria. Vijiti vinatoka na milia. Tunavipiga picha, kisha mimi nakaa na mkasi na gundi nikivikata kimoja kimoja na kuvipanga kimoja na pacha wake. Mama yetu alitaka niwe mwalimu, sasa nakata makaratasi kama mtoto wa chekechea na nalipwa.

Nisikudanganye: kipimo hiki hakiponyi. Kitatuambia kilichotokea, na kitatuambia kama kinaweza kutokea tena. Hilo la pili ndilo Nanyokie atakalolihitaji.

Ninatuma chupa tatu kwa dereva wa shirika la mabasi. Moja ya mtoto, moja ya mama yake, moja ya baba yake. Watatu, pasipungue mmoja. Damu isigande, isipikwe na jua, isiguse barafu. Iwekeni kwenye chupa ya chai tupu, iliyosuuzwa kwa maji ya uvuguvugu. Na msitume Jumamosi, maana ikikwama Jumapili mchana magari hayaruhusiwi barabarani na damu itanifia Arusha.

Mjomba mtu,
Lengai

*

Karatu,
4 Aprili 1982

Lengai,

Marahaba. Natumaini ukipata barua hii chupa imeshakufikia, maana barua zetu zinatembea kwa miguu na damu imepanda ndege.

Kazi ilikuwa hivi. Asubuhi nilimtoa damu mtoto na Nanyokie mwenyewe. Mtoto alilia dakika moja, akaona kijiko, akaacha. Kwenye chupa yake nimeandika "Mtoto wa Nanyokie", kwa sababu hajapewa jina, na unajua kwetu jina halitolewi zahanati na mtu mwenye plasta mkononi. Baba yake tulimpelekea habari Kakesio aje siku ya mnada. Alipofika mimi nilikuwa ndani, namzalisha mama wa Kiiraqw mapacha ambao hawakuwa na haraka. Basi Hhando, mganga msaidizi wetu, ndiye aliyemtoa damu, akaandika "Baba", akafunga chupa ya chai. Land Rover ya Omary ilikuwa inaunguruma nje. Omary amebeba chupa ile mapajani hadi uwanja wa ndege, na anamwambia kila mtu amebeba Wamasai watatu kwenye chupa moja.

Nanyokie amenuna tangu siku hiyo. Anasema mumewe amefika mpaka hapa, ametoa damu, amekwenda mnadani, amerudi kwao bila kumsalimia. Nimemwambia wanaume huwaogopa wanawake waliotoka kujifungua. Hakucheka.

Bado anapumzika kwangu. Tupe majibu.

Naisenya

*

Dar es Salaam,
30 Mei 1982

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na umsalimie Omary, mchukuzi wa mataifa. Samahani kwa kukawia. Mara ya kwanza umeme ulikatika tukawa tunaatamia damu ile kama mayai, mimi na Daktari Eunike tukipokezana. Mara ya pili nilikuwa nimeshapanga vijiti vyote vya mtoto mezani, nikapiga chafya. Nimetambaa sakafuni saa nzima kutafuta cha ishirini na moja. Nilikipata kimenasa kwenye soksi.

Lakini tumekiona, dada. Tumekiona kwa macho yetu. Kijiti cha tisa kina sehemu ya juu ambayo kila mtu anayo mara mbili, moja ya baba, moja ya mama. Mtoto wetu anayo mara tatu. Hiyo ya tatu imejibandika kwenye ncha ya kijiti cha kumi na tano. Ni hiyo tu. Kilichopasua mdomo na kufupisha vidole ni hicho kipande kilichozidi, kidogo kiasi kwamba miaka kumi iliyopita hakuna aliyeweza kukiona. Hakikuja kwa chakula. Nanyokie angekula nyama ya fisi, kisingekuja kwa hilo.

Na sasa habari kubwa. Vijiti vya Nanyokie ni safi. Vya baba ni safi. Basi jambo hili limetokea lenyewe, mara moja, na uwezekano wa kurudi ni mdogo sana. Azae, dada. Azae mpaka Koinet achoke kuchinja.

Mdomo unashonwa. Nimeulizia, mwezi wa kumi daktari wa upasuaji anakuja Arusha. Atachelewa kutembea na kusema, atahitaji subira, lakini yupo na tutamlea.

Nimefurahi mpaka nimenunua soda nikainywa peke yangu.

Lengai

*

Karatu,
27 Juni 1982

Lengai,

Marahaba, na umwage hiyo soda.

Barua yako ilifika Jumanne, na Alhamisi akafika Koinet mwenyewe na kibuyu cha maziwa. Tukakaa wote watatu, mtoto mapajani kwa Nanyokie. Nikasoma kwa sauti, nikifasiri kwa Kimaa pale ulipojidai msomi. Nanyokie akalia kwa furaha. Nilipofika "vya baba ni safi" nikamgeukia Koinet nikampa pongezi. Akanitazama kwa upole akasema, "Lakini shemeji, mimi hakuna aliyenichoma sindano."

Aliyetoka Kakesio siku ile ya mnada ni kaka yake mkubwa, Sironka. Ujumbe ulipofika bomani kwamba damu ya baba inatakiwa Karatu, Sironka alisema kitu kikiombwa katika nyumba ya marehemu baba yao anaombwa yeye kwanza, na mdogo hawezi kumtangulia. Akaja, akakunja rubega lake, akampa Hhando mkono, akaenda zake. Hhando hawezi kuwajua kwa sura. Kwa hiyo, mtaalamu, umempima mzee mwenye wake watatu na watoto kumi na tisa, na umegundua kuwa yuko safi.

Nilitaka kukasirika. Lakini Koinet akanieleza kwamba kaka yake alisema pia hivi: kama kuna kibaya katika damu, basi kimkute yeye aliyekwisha kula chumvi, si kijana. Hasira ikaniishia.

Nimemtoa damu Koinet papo hapo, nimeandika jina lake na la baba yake na nimemtazama usoni nikiandika. Itatangulia barua hii.

Kuna jambo nilikuficha. Nanyokie hapumziki kwangu. Alifukuzwa. Mama mkwe alimwambia asirudi na mtoto yule mpaka aseme alikula nini, naye hana la kusema kwa sababu hakula kitu. Tangu Januari tunalala watatu kwenye kitanda changu cha futi tatu. Koinet alikuwa na ng'ombe malishoni mbali tangu Aprili; sasa ametembea siku mbili kuja kwetu, lakini hawezi kumpinga mama yake kwa mdomo mtupu. Anangoja karatasi yako. Sote tunaingoja.

Naisenya

*

Dar es Salaam,
8 Agosti 1982

Dada,

Shikamoo. Huku joto limepungua. Sabuni imekuwa adimu, tunafulia majani ya mpapai, na shati langu jeupe sasa lina rangi ya chai. Kuna jirani yangu anatengeneza sabuni ya mafuta ya nazi, inasafisha lakini inavutia sisimizi. Kipande kimoja kinadumu wiki mbili ukikianika vizuri, na namna ya kukianika ni hii: unakitoboa katikati, unapitisha kamba, unakining'iniza dirishani.

Daktari Eunike amekwenda mkutanoni. Mpira timu yetu imefungwa mbili bila.

Wasalimie wote, hasa Nanyokie na mwanangu.

Lengai

*

Karatu,
29 Agosti 1982

Lengai mtoto wa mama yangu,

Sitaki shikamoo yako.

Nimekutumia damu ya mtu, umenirudishia sabuni. Nimeigeuza barua yako juu chini nikitafuta majibu nyuma yake. Unadhani sikujui? Ulipopoteza ndama wa Yeyo ulikuja nyumbani ukaanza kueleza habari za mawingu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Umeshaona kitu kwa Koinet na unaogopa kukisema.

Nimemsomea Nanyokie. Akasema nikuandikie maneno haya kama alivyoyatamka: "Mwambie Lengai mtoto nimezaa mimi. Aliyezaa hatishwi na karatasi."

Mtoto amekaa peke yake wiki iliyopita. Miezi saba na ushee, na mto nyuma, lakini amekaa. Alipoona tumeshangilia, akaanguka makusudi ili tumkalishe tena.

Mficha uchi hazai. Andika.

Naisenya

*

Dar es Salaam,
17 Septemba 1982

Dada yangu,

Shikamoo, hata kama huitaki. Nisamehe. Nimecheka kuhusu ndama, halafu nimeona aibu.

Nimeogopa, ndiyo. Nilifikiri hivi: Nanyokie ametwishwa mzigo huu miezi minane bila kosa. Nikiandika ninachokiona, nitakuwa nimeutoa mgongoni kwake na kumtwisha Koinet. Mtu anayetembea siku mbili na kibuyu cha maziwa. Nikaandika habari za sabuni.

Daktari Eunike aliporudi alinikuta na picha mezani, akaniambia kazi yetu ni kusoma, si kuchagua nani asomewe. Basi nasoma.

Mweleze Koinet kwa lugha ya ng'ombe. Tuseme ana mazizi manne: mawili ya tisa na mawili ya kumi na tano. Ng'ombe wake wote wapo, ukiwahesabu hakosekani hata mmoja. Ila ndama wa zizi mojawapo la tisa huwa analala kwenye mojawapo la kumi na tano. Kwa Koinet haina madhara, ndiyo maana ni mzima na ana nguvu za kunishinda. Lakini anapomgawia mwanawe, humpa zizi moja la tisa na moja la kumi na tano. Kwa mtoto huyu alitoa zizi la tisa lililojaa, pamoja na lile la kumi na tano lenye ndama mgeni. Ndama akazidi. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemroga. Koinet mwenyewe alizaliwa na mpangilio huo, naye hakuombwa ushauri.

Kwa hiyo nilichoandika Mei si kweli, nakifuta. Jambo hili linaweza kurudi. Linaweza pia lisirudi: wengine wanazaliwa wakiwa na kila kitu mahali pake, wengine wanakuwa kama Koinet, wazima na ndama wao mtembezi. Wapo pia wanaopotea tumboni, au wanaozaliwa dhaifu wasiishi. Wao wawili ndio wataamua, tukiwa tumewaambia yote.

La mwisho. Mpangilio huu mara nyingi hutoka kwa mzazi. Huenda ni marehemu baba yao, huenda ni mama. Sironka hakuupata, mdogo wake akaupata. Najua kwetu watoto waliozikwa hawatajwi, na sikuombi uulize. Lakini huenda, nasema huenda, yule mama ana watoto ambao hajawahi kumtajia mtu.

Nasubiri barua yako.

Lengai

*

Karatu,
30 Oktoba 1982

Lengai wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Tulia, nina habari, na leo nitazieleza kwa mpangilio.

Nilimsomea Koinet peke yake kwanza. Aliniomba nirudie lile la mazizi mara mbili. Akauliza maswali ya mfugaji, mazuri kuliko ya madaktari wengi. Kisha akamchukua mtoto, akamshika vidole vile vifupi kimoja kimoja. Nilikuwa najiandaa kumfariji. Akasema, "Basi ni wangu kweli kweli." Na uso wake, Lengai, ulikuwa wa mtu aliyeletewa zawadi.

Akaenda Kakesio siku hiyo hiyo. Aliwakalisha Sironka na mama yao, akayasema yote kwa kinywa chake mwenyewe: mke wake hakula kitu, jambo limepitia kwake yeye, na kabla yake lilipitia kwa mmoja wa wazazi wake. Sironka, Koinet ananiambia, alikasirika kwanza kwamba damu yake haikutosha. Halafu akasema ameshindwa na karatasi na ataomba radhi kwa dume la mbuzi. Mama yao aliinuka akaingia ndani, hakutoka mpaka kesho yake.

Jumatatu ya wiki mbili zilizopita, nikiwa nafagia zahanati, nikamwona yule mama mkwe getini. Amepanda lori la mahindi kutoka juu, mama wa miaka sabini, vumbi limemfanya mweupe. Mkononi ameshika majani mabichi. Nikajua. Mtu mzima akija kwako na majani mkononi anaomba amani, na aliyekasirika hana budi kusikiliza. Nikamwita Nanyokie.

Nanyokie alitoka na mtoto mgongoni. Hakusalimia. Alisimama akamtazama yule mama, na mimi nikawa nimeshika ufagio kama nguzo. Nilimwonea fahari mdogo wetu kwamba hakufanya haraka.

Mama yule akasema taratibu, "Nilizika watatu. Kila mmoja wakaniuliza nilikula nini. Na mimi nikaja kukuuliza wewe."

Nanyokie alifungua kanga, akamtoa mtoto, akampa. Kumbuka bibi huyu hakuwahi kumshika. Alimpokea, akamfunua uso, akautazama ule mdomo kwa muda mrefu sana. Nikadhani anaogopa. Kisha akaanza kutabasamu, machozi yanashuka kwenye vumbi, na akatuita tusogee kana kwamba anatuonyesha kitu ambacho hatujakiona.

"Wa pili alikuwa na uso huu," akasema. "Huu huu. Nilifikiri sitauona tena."

Tulilia wote, Hhando naye akaenda kulilia stoo. Mtoto peke yake ndiye aliyecheka, akamshika bibi yake pua. Tangu saa hiyo hakutuachia mtoto, amemnywesha yeye, kijiko kwa kijiko, na akatufundisha namna ya kumshika shingo tusiyoijua, ambayo aliigundua zamani akiwa peke yake. Inafaa kuliko yetu.

Wameondoka jana kwenda Kakesio, baada ya Arusha ambako mdomo umeshonwa vizuri. Kuhusu kuzaa tena, Nanyokie anasema atafikiri mwenyewe na mumewe, na sisi wasomi tukae pembeni. Bibi alipanda gari na mtoto kifuani, na kila aliyemsalimia njiani hapa Karatu alisimamishwa atazame ule uso.

Dada yako anayelala sasa peke yake kitanda kizima,
Naisenya